Kidonge Kisichosagwa

Mtu akishaanza kumshuku mwenzake, basi tena, hata chafya ya mwenzake itakuwa na maana. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shangazi. Tangu siku mdogo wake alipooa mke wa pili, baada ya yule wa kwanza kufariki, Shangazi alimkodolea bibi harusi jicho ambalo halikufumba tena. Akicheka, anacheka nini? Akinyamaza, ananyamazia nini? Akimpikia mtoto uji mwingi, anataka kumvimbisha tumbo. Akipika kidogo, aa, mnaona, ameshaanza kumnyima.

Na wala hakuwa mtu mbaya, tusimpake matope bure. Alikuwa na upendo mwingi, ila upendo wote huo aliumwaga sehemu moja: kwa binti wa mdogo wake, msichana waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake Chiriku alipofariki, Shangazi ndiye aliyemsuka nywele, aliyemkagulia madaftari, aliyemlaza. Nyumba yake na ya mdogo wake zilitenganishwa na ua mmoja wa kuanikia nguo, kwa hiyo mtoto alikuwa akitoka huku na kuingia kule akiongea njia nzima.

Chiriku alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa mdogo, madaktari wakampa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na vidonge vile vikaukalisha ugonjwa kitako. Miaka ikapita. Majirani wakasahau, walimu wakasahau, hata baba yake, fundi wa lifti ambaye kutwa yumo ndani ya mashimo ya maghorofa, alikuwa karibu kusahau. Shangazi hakusahau. Kusahau hakukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kupima dawa kwenye maabara ya serikali, na huko walimwita Mama Hakiki, kwa kuwa hata ukimwambia leo ni Jumatatu atataka kuona kalenda.

Mke mpya alikuwa fundi cherehani. Mpole, tepu ya kupimia shingoni, maneno machache. Sasa, watu wa maneno machache walimpa Shangazi homa.

"Kimya kingi kina mshindo," alimwambia mama yake.

"Mwanangu, mwache mwenzio. Kuna watu Mungu amewaumba hivyo hivyo."

"Mungu amewaumba na mtoto wetu tumewapa sisi."

Harusi haijapoa, Shangazi akaanza kuwaza vidonge. Je, mwanamke huyu anampa mtoto dawa kweli? Vikiwa kwenye pakiti, nani atajua? Pakiti leo iko mezani, kesho iko kwenye mkoba, keshokutwa mtu anakuambia imepotea. Basi akabuni mpango, na alijipongeza sana kwa mpango huo. Alinunua kiboksi cha plastiki chenye vyumba vidogo vya kila siku, asubuhi na jioni. Akachukua dawa yote ya mwezi, akavibinya vidonge kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi yake ya kung'aa, akavimimina kwenye kopo, na karatasi akaitupa. Kopo akalifungia kwenye kabati la jikoni kwa mdogo wake, juu ya jiko, ufunguo akautia kifuani. Kila Jumapili alikuja, akafungua, akajaza kiboksi, akakiweka kwenye rafu kando ya birika, pale ambapo hata akipita uani angeweza kuchungulia dirishani na kuona chumba kipi kimebaki na kidonge.

Wifi yake aliyatazama yote hayo akiwa na pini mdomoni. Akazitoa pini. "Sawa, wifi," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

"'Sawa, wifi' ndiyo nini?" Shangazi alimbana mdogo wake baadaye.

"Ni sawa, dada. Sasa ulitaka aseme si sawa?"

"Nilitaka aseme kitu."

Mvua zikaanza. Si mvua ya kuja na kwenda, ni ile ya kukaa kama mgeni asiyeaga. Kuta za jikoni zikatoa jasho, chumvi ikashikana kwenye kikopo, nguo zikanuka uvundo kabla hazijavaliwa. Birika lilichemka tangu asubuhi kwa sababu kila mtu alitaka kitu cha moto. Na siku moja, ni Jumamosi, Chiriku alikuwa amekaa miguuni pa mama yake wa kambo akimsimulia habari za mwalimu wa hesabu aliyekalia chaki, na katikati ya kicheko chake mwenyewe akanyamaza. Macho yakapanda. Akaanguka.

Shangazi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa ua, kanga moja, mguu mmoja hauna ndala. Alimkuta wifi yake ameshamlaza mtoto ubavu, ameshamwekea kitambaa chini ya kichwa, ameshasogeza mkasi na viti. Kila kitu kama inavyotakiwa. Mtu mwingine angeshukuru. Shangazi aliiangalia mikono ya yule mwanamke, akaona haitetemeki.

Mikono haitetemeki! Mtoto anaanguka mbele yako na mikono haitetemeki! Huyo si alikuwa anatarajia?

Akaanguka tena wiki ile. Na wiki iliyofuata, shuleni, mbele ya wenzake, akarudi nyumbani mdomo umevimba na maneno yamemwisha. Hilo ndilo lililomuumiza Shangazi kuliko vyote: mtoto kukaa kitandani akiutazama ukuta, hana la kusema. Alienda kulia chooni, maana hakutaka wifi amwone akilia.

Wakampeleka hospitali, wote watatu na mtoto. Daktari akatoa damu, majibu yakaja, akawatazama mmoja mmoja.

"Huyu mtoto anameza dawa kila siku?"

"Kila siku," wifi akajibu. "Asubuhi na jioni. Namtia mdomoni kwa mkono wangu."

"Kwenye damu dawa ni kidogo mno. Kwa kawaida tunaona hivi mgonjwa anaporuka siku. Kabla sijaongeza kipimo, hakikisheni kwanza anameza."

Shangazi alimgeukia mdogo wake, akamwangalia, akageukia ukutani. Na kule kumwangalia kulisema zaidi ya hotuba.

Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Kiboksi kila jioni kilikuwa kitupu kama inavyotakiwa, na utupu wenyewe ukawa ushahidi. Vidonge vinatoka kwenye kiboksi, kwenye damu havifiki. Vinakwenda wapi? Shangazi alichungulia kwenye ndoo ya taka. Alifukua udongo wa chungu cha maua. Akamvuta mtoto pembeni.

"Mwanangu, Ma'mdogo hukupa dawa?"

"Hunipa."

"Na unaviona vidonge ukivimeza?"

Chiriku akamtazama, kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Shangazi, mtu ataonaje kitu akishakitia mdomoni?"

Haya, mtoto ameshinda. Lakini Shangazi hakucheka.

Kwa haki yake, hakukimbilia kumhukumu mtu kabla ya kuipima dawa. Mama Hakiki ni Mama Hakiki. Alichukua vidonge kadhaa kutoka kwenye kopo, akaenda navyo kazini, akavifanyia kama walivyofanya pale maabara kwa kila kidonge tangu maabara ijengwe: akavisaga kwenye kinu kidogo cha kauri mpaka vikawa unga laini, unga akauweka kwenye oveni ukauke, akaupima. Pale kila kitu kilisagwa na kukaushwa, walitania kwamba hata mgeni akikaa sana mlangoni atasagwa. Majibu yalikuwa safi. Dawa imo, na ni kiasi kilekile kilichoandikwa.

"Basi dawa ni nzima," alimwambia mama yake kwa simu. "Kama dawa ni nzima, mbovu ni mtu."

Yule bibi alimpenda mkwe wake, lakini mjukuu ni mjukuu. "Jumapili tukae," akasema mwishowe. "Wote, kwangu. Kama ni kweli anamnyima mtoto dawa, hakai kwenye nyumba ile hata usiku mmoja. Nitamwambia mwenyewe."

Na mdogo wake? Maskini, alikuwa anapungua kama sabuni. Alipoulizwa atafanya nini, alijibu, "Mama akisema aende, ataenda. Nimeshazika mke, sitaki kuzika mtoto." Alisema hivyo mbele ya mkewe. Mkewe alikuwa anashona kola, na hakuinua kichwa.

Ilibaki kidhibiti tu. Na kidhibiti kikapatikana. Shangazi alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo ya cherehani ya wifi yake. Ukimuuliza ndivyo atakavyokuambia, mkasi, ijapokuwa kwake anayo mikasi miwili. Chini ya vifungo na vipande vya bitana alikuta kitambaa kilichofungwa fundo, ndani ya kitambaa kidonge kimoja cheupe.

Lo! Hiki hapa! Mtoto anaanguka na dawa yake imefungwa fundo kwenye droo! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye nguo kwelikweli. Hakupiga kelele. Alikitia kwenye leso yake, akafunga droo taratibu, akatoka na tabasamu ambalo hata yeye mwenyewe aliliogopa.

Lakini akajua watakavyomjibu. Wifi atasema: hicho si kidonge cha mtoto, ni changu cha kichwa. Vidonge vyeupe viko vingi duniani. Ilibidi athibitishe kwamba kile kidonge ni dawa ileile ya kifafa, na kibaki kizima, akitupe mbele ya mama yake Jumapili, kila mtu akione kwa macho. Ukishakisaga kidonge umebaki na unga, na nani atashtuliwa na unga?

Kesho yake akaingia chumba cha mashine, kwa mzee waliyemwita Bwana Eksirei, mtu mnene mwenye vicheko, aliyekuwa amesoma nje na kurudi na shahada mbili na tumbo moja. Mzee alikipokea kidonge, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kinu.

"Usikisage!"

"Mama Hakiki, umenishtua. Miaka yote tunasaga, leo imekuwa haramu?"

"Nakitaka kizima. Nataka tu kujua ni dawa gani imo ndani."

Mzee akamwangalia kwa jicho la pembeni. "Hiki kina kesi."

"Kina kesi."

"Ya nani?"

"Mzee, pima."

Alijikuna kidevu. Inawezekana, alisema, mionzi ya eksirei inaweza kupita kwenye kidonge kizima ikatokea upande wa pili, ila ni kazi ya subira, maana kuna wanga na vitu vingine vya kugandishia ndani yake, navyo vitaingiza kelele zao kwenye majibu. Akakisimamisha kidonge kwenye kishikio, akakibana, akafunga mlango wa mashine. Wakakaa kusubiri. Kwenye kompyuta mstari ukaanza kutambaa, ukapanda mlima mmoja, ukashuka, ukapanda mwingine.

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtanipotea. Dawa ikiwa kavu, chembe zake hujipanga kwa mpangilio, ndiyo inayoitwa fuwele. Chukua matofali yaleyale ya tanuri moja: fundi mmoja atayapanga yakaacha matundu, maji yapite, mwingine atayabana mpaka sisimizi hapiti. Matofali hayajabadilika, ukuta umebadilika. Dawa nayo ni hivyo. Ikijipanga namna moja, inayeyuka tumboni na kuingia kwenye damu. Ikijipanga namna nyingine, inapita kama kokoto, sehemu kubwa inatoka ilivyoingia. Na kila mpangilio una milima yake kwenye kompyuta, haifanani na ya mwingine.

Bwana Eksirei aliacha kutabasamu. Akasogeza miwani.

"Dawa ni ileile ya kifafa," akasema. "Lakini iangalie hii milima miwili hapa mwanzoni. Haitakiwi kuwepo. Hii imejifungia maji ndani ya fuwele zake. Imekuwa mpangilio mwingine kabisa. Mgonjwa akimeza hii, ni kama amemeza nusu, pengine chini ya nusu."

Shangazi alisimama. "Haiwezekani. Nimeshavipima. Nimepima vya kopo lilelile, ni vizima!"

"Ulivipimaje?"

"Kama siku zote. Nikasaga, nikaka..."

Mzee akakaa wima. Wote wawili waligeuka wakakitazama kile kinu cha kauri kilichokaa mezani kwa upole wake. Ukisaga, unavunja fuwele. Ukikausha kwenye oveni, unayafukuza maji. Na baada ya hapo unapima ni kiasi gani, huulizi imejipangaje. Miaka yote walikuwa wanaiosha maiti vizuri kabla ya kuuliza imekufa kwa nini.

Mnadhani Shangazi alifikiria nini kwanza? Alifikiria kiwanda! Shaka yake ilikuwa na miguu mirefu, haikukosa pa kwenda. "Washenzi hawa wa kiwandani! Wanauza mawe!" Akatoka hapo mpaka duka la dawa alilonunua, akanunua pakiti ya toleo lilelile, namba ileile, akarudi anahema. Mzee akatoa kidonge kwenye karatasi yake, akakipitisha kwenye mashine kikiwa kizima.

Safi. Milima ile miwili haipo.

Wakapitisha kimoja alichokuwa amebakiza kutoka kwenye kopo. Milima ikarudi, mirefu kuliko mwanzo.

"Basi kiwanda hakina kosa," mzee akasema. "Hivi vimekaa kwenye unyevu. Tena vimekaa uchi, bila karatasi, labda jikoni, labda bafuni, na mvua hizi. Dawa hii ukiipa mvuke, yenyewe inaoa maji bila kuuliza wazazi." Alicheka utani wake. "Sasa nani huyo mpumbavu aliyevitoa kwenye karatasi?"

Shangazi akapeleka mkono kifuani. Jikoni, juu ya jiko, kando ya birika. Ufunguo ulikuwa kifuani mwake wakati ule ule, aliuhisi kwenye ngozi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu chini ya kila ripoti ya maabara: hifadhi mahali pakavu, usitoe kwenye pakiti kabla ya kutumia. Aliyaandika hayo kwa ajili ya wajinga, na siku alipoanza kumwinda mtu akayasahau kama hajawahi kuyasoma. Hakuna mtu mwingine aliyegusa lile kopo. Alihakikisha mwenyewe kwamba hakuna.

"Mama Hakiki? Una nini?"

"Sina kitu," akasema, akajifuta uso kwa leso iliyokuwa imefungiwa kidonge.

Sasa msikilizeni shetani alivyo hodari. Shangazi hajafika hata kituo cha basi, amekwishamnong'oneza. Jumapili ni keshokutwa. Nyamaza. Lete pakiti mpya, sema umebadilisha duka. Wifi ataondoka, mtoto atameza dawa nzima, kuanguka kutakoma, na dunia nzima itasema: mnaona? Yule mwanamke alipotoka, mtoto akapona. Hakuna kitakachokusuta. Kuna mzee mmoja tu mwenye tumbo, naye hajui hata ni mtoto wa nani.

Nawaambieni kweli, aliupenda mpango huo. Aliubeba siku nzima. Jioni alichukua pakiti mpya, akaingia jikoni kwa mdogo wake, akavimwaga vya kopo, akamwambia wifi, "Tumia hivi, vibaki kwenye karatasi," bila kueleza kitu. Wifi akasema, "Sawa, wifi." Alipokuwa anatoka akaona kona ya chumba cha cherehani iko wazi. Vitambaa vya wateja havipo. Wifi alikuwa amewarudishia watu vitambaa vyao vyote, vingine vimekatwa, havijashonwa. Mtu aliyekuwa hana hakika kama Jumatatu atakuwa na mahali pa kuweka cherehani.

Shangazi alilala vibaya, akaamka vibaya.

Jumapili jioni walikaa sebuleni kwa mama yao. Bibi kwenye kiti chake, mwanawe wa kiume kando akitazama viganja vyake, wifi kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo, Chiriku kapelekwa chumbani na mlango ukarudishwa. Bibi akakohoa.

"Mwanangu," akamwambia Shangazi, "wewe ndiye mwenye maneno. Yatoe."

Shangazi alikuwa amekaa na leso mkononi. Alifungua mdomo. Kwa muda hakuna aliyejua, hata yeye, ni maneno gani yatatoka.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Mtoto anaanguka kwa sababu yangu." Akalia hapo hapo, kilio kibaya cha mtu mzima, akaendelea kusema huku analia, maana alijua akinyamaza hatasema tena. Akaeleza karatasi aliyoitupa, kopo, mvuke wa birika, unyevu wa mvua. Akaeleza jinsi dawa ilivyokuwa ikionekana nzima kila walipoisaga, na jinsi ilivyoumbuka iliposimamishwa nzima. "Alikuwa anampa. Kila siku alikuwa anampa, kama alivyosema. Mimi ndiye niliyeviharibu nikimvizia. Wifi, nisamehe. Kama huwezi, usinisamehe, lakini usiondoke."

Mdogo wake alifunika uso kwa viganja. Bibi alisema, "Lahaula," mara mbili.

Shangazi alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, mradi asiambiwe "sawa".

"Kile kidonge kilichokuwa kwenye droo yangu," wifi akasema mwishowe, "ni wewe uliyekichukua?"

"Ni mimi. Nilidhani umekificha usimpe."

"Nilikitoa kwenye kiboksi chako. Siku hiyo nilimpa cha kesho yake, kisha nikakata kimoja katikati kufidia, nusu asubuhi na nusu jioni, usigundue." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini imenyooka. "Nilikuwa nakitunza nikipeleke kupimwa. Mtoto huyu hakuwahi kuanguka mikononi mwangu mpaka ulipoanza kuleta vidonge vya kopo. Nikasema, wifi anamlisha kitu. Anataka mtoto aanguke ili mimi nifukuzwe."

"Uliwaza hivyo?" Shangazi akanong'ona.

"Kila siku."

Bibi akainama mbele kwenye kiti chake. "Mkwe, ngoja kwanza. Ulishuku vidonge ni vibaya?"

"Nilishuku."

"Na ukaendelea kumpa mtoto?"

Hapo ndipo mikono ya wifi ilipoanza kutetemeka. Aliitazama kama si yake.

"Nisingempa," akasema, "mngesema simpi."

Wifi alikuwa analia sasa, bila sauti. "Nilikuwa namwambia fungua mdomo. Naye anafungua, ananiamini. Namtia kitu ninachokiogopa, asubuhi na jioni, ili kiboksi kionekane kitupu."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Chiriku akatoka, amechoka kukaa peke yake, akasema saa ya dawa imefika, au leo hakuna? Alisimama katikati ya sebule, akamtazama mama yake wa kambo, akamtazama Shangazi, akingoja.

Baba yake akainuka. Alichukua ile pakiti mpya kwenye mkoba wa mkewe, akaigeuzageuza kama mtu ambaye hajawahi kuishika, akabinya kidonge kikatoka kwenye karatasi yake, akaenda kuleta maji. Wale wanawake wawili walikaa na mikono mapajani, na hakuna aliyethubutu kuunyoosha mkono wake.